Fransisko wa Sale, Askofu wa Geneva Asiyeishi Geneva: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Januari inapoingia, wanaotumikia katika mawasiliano ya parokia huanza kuniuliza habari za msimamizi wao, Mtakatifu Fransisko wa Sale. Wengi wanalijua jina, na wanaijua picha ya askofu mwenye upara na ndevu nyingi aliyeshika kalamu, basi. Maswali yanayojirudia nimeyakusanya hapa. Mengine nimeyajibu kwa neno moja au mawili. Mengine nimekaa nayo, kwa sababu ndiyo yanayotuonyesha mtu mwenyewe.

Fransisko wa Sale ni nani?

Ni askofu Mkatoliki aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1567 katika ngome ya ukoo wa Sales, karibu na kijiji cha Thorens, nchini Savoia. Alifariki Lyon, Ufaransa, tarehe 28 Desemba 1622 akiwa na miaka 55. Savoia wakati huo ilikuwa nchi yenye mtawala wake, katikati ya milima ya Alpi, imepakana na Ufaransa, Uswisi na Italia. Leo kijiji chake kiko Ufaransa. Kwa lugha yake anaitwa François de Sales. Alikuwa Askofu wa Geneva kuanzia 1602 mpaka kufa kwake.

Mbona aliitwa Askofu wa Geneva na hakuishi Geneva?

Hapa ndipo pa kuanzia ukitaka kumwelewa. Kwa karne nyingi askofu wa Geneva alikuwa pia bwana wa mji: alitoza kodi, alihukumu, alimiliki ardhi. Kisha wananchi wakachoka. Mwaka 1533 Askofu Pierre de la Baume aliondoka mjini asirudi tena, na miaka michache baadaye Geneva ikapokea Mageuzi ya Kiprotestanti. Mali za jimbo zilizokuwa ndani ya mji zikachukuliwa. Misa ikapigwa marufuku. Baadaye Yohane Calvin akaufanya mji huo kuwa makao makuu ya fundisho lake.

Maaskofu waliofuata walihifadhi cheo, wakahamia Annecy, mji mdogo kando ya ziwa upande wa Savoia. Fransisko alirithi hali hiyo: kiti chake kiko mji mwingine, kanisa kuu lake linahubiriwa na wengine, na yeye ameazima kanisa la watawa kwa ibada zake. Aliifanya kazi ya uaskofu kwa miaka 20 kama mtu aliyefiwa na nyumba lakini hakukubali kuacha jina lake.

Alizaliwa katika familia ya namna gani?

Ya makabaila. Najua neno hilo kwetu Tanzania lina ukakasi tangu enzi za Ujamaa, na sioni haja ya kulilainisha, maana ndivyo walivyokuwa: watu wa ngome, mashamba, wapangaji na panga kiunoni. Baba yake, aliyejulikana kama bwana wa Boisy, alikuwa mtu mzima aliyepita miaka 40 wakati mtoto anazaliwa. Mama yake, Françoise de Sionnaz, alikuwa bado binti mdogo wa miaka kama 15 hivi. Fransisko alikuwa mtoto wao wa kwanza, yaani mrithi.

Mrithi hulelewa kwa mpango. Akiwa bado kijana alipelekwa Paris, kwenye chuo cha Wayesuiti cha Clermont, asome falsafa na lugha za kale. Mzee alitaka pia ajue kupanda farasi, kucheza upanga na kucheza dansi, mambo ambayo bila hayo kijana wa tabaka lake angeonekana mshamba. Kisha akapelekwa Padua, Italia, kusoma sheria. Tarehe 5 Septemba 1591 alipata udaktari katika sheria zote mbili, ya serikali na ya Kanisa. Teolojia aliisoma njiani, pembeni ya ratiba ya baba.

Ni kweli aliwahi kuamini kwamba Mungu amekwisha mhukumu kwenda motoni?

Ndiyo, na alikuwa na miaka 19 tu. Vyuo vya Paris vilikuwa vikibishana vikali juu ya kuchaguliwa tangu milele: nani ameandikiwa wokovu na nani hakuandikiwa. Wengine walibishana, yeye akaugua. Kwa muda wa wiki kadhaa katika majira ya baridi ya 1586 kuingia 1587 hakula vizuri wala hakulala, akiwa na hakika kwamba yeye ni miongoni mwa waliotupwa.

Kilichomtoa si hoja. Aliingia kanisa la Saint-Étienne-des-Grès, akapiga magoti mbele ya sanamu nyeusi ya Bikira Maria, akaamua kwamba hata kama hataweza kumpenda Mungu milele yote, basi atampenda walau katika maisha haya. Akasali ile sala ya "Kumbuka" ambayo mpaka leo tunaisali. Mzigo ukaanguka. Sanamu yenyewe bado ipo, katika monasteri ya Neuilly-sur-Seine, jirani na Paris.

Kila ninaposoma ukurasa wake wowote nauona usiku ule nyuma yake. Mtu aliyeonja woga wa namna hiyo hawezi tena kuwatisha wengine ili wasali.

Baba yake alikubali awe padre?

Hakukubali, na tumtendee haki mzee. Alikuwa ameshamtafutia mchumba wa ukoo mzuri. Mwaka 1592 kijana alipokelewa kuwa wakili mbele ya Seneti ya Chambéry, iliyokuwa mahakama kuu ya Savoia, na njia ya kuwa mjumbe wake ilikuwa wazi. Ardhi na jina vilikuwa vinamsubiri. Kuacha haki ya mzaliwa wa kwanza katika ukoo kama ule ni kama kubomoa nguzo ya kati ya nyumba wakati watu wamo ndani.

Binamu yake, Kanoni (padre wa baraza la kanisa kuu) Louis de Sales, alipata ufumbuzi wa kikabaila kwa tatizo la kikabaila. Bila Fransisko kujua, aliomba Roma impe cheo cha provosti, yaani mkuu wa makanoni wa Geneva, cheo cha pili jimboni baada ya askofu. Hati ilipofika mwaka 1593, mzee aliona kwamba mwanawe haendi kuwa padre wa kawaida wa kijijini, akalegea. Tarehe 18 Desemba 1593 Fransisko akapewa daraja ya upadre. Sijui kama angepita mlango ule bila cheo cha kumfungulia, na mimi sioni aibu kulisema: nasaba yake ilimzuia, na nasaba hiyohiyo ikamvusha.

Ile habari ya vikaratasi chini ya milango ni hadithi au kweli?

Ni kweli. Chablais ni nchi iliyo upande wa kusini wa Ziwa la Geneva. Wabern, watu wa mji wa Bern nchini Uswisi, walipoiteka mwaka 1536 waliifanya ya Kiprotestanti, na miaka ya 1590, ilipokuwa imerudi chini ya Savoia, Wakatoliki waliobaki Thonon, mji wake mkuu, walikuwa wa kuhesabika kwa vidole. Septemba 1594 Fransisko akaenda kwa miguu pamoja na binamu yake Louis. Baba yake alikataa kumgharimia. Walilala katika ngome ya Allinges, chini ya ulinzi wa askari, na kila siku aliteremka Thonon na kupanda tena jioni, kwenye theluji na barafu.

Alihubiri, hawakuja. Wakuu wa mji waliwakataza watu kumsikiliza, na waliotaka kumsikiliza waliogopa majirani. Ndipo mwanzoni mwa 1595 akaanza kuandika. Karatasi moja moja, hoja moja moja, kwa Kifaransa cha watu na si Kilatini cha wasomi. Zikanakiliwa, zikabandikwa hadharani na kusukumwa chini ya milango. Mtu ambaye hangethubutu kuonekana kanisani aliweza kusoma kwake, mlango umefungwa, bila kuonwa.

Zingatia alichokifanya. Hakulalamika kwamba watu ni wagumu. Alijiuliza wanaogopa nini, akatafuta njia ya kuwafikia isiyowaaibisha. Karatasi hizo zilikusanywa na kuchapishwa baada ya kifo chake.

Je, watu wa Chablais waligeuka kwa hiari?

Si wote, na anayehubiri habari hii bila kusema hivyo anapunguza ukweli. Kwa miaka miwili na zaidi waliorudi walikuwa wachache, na walirudi kwa kushawishika. Krismasi ya 1596 aliadhimisha Misa katika kanisa la Mtakatifu Hippolyte mjini Thonon. Lakini wimbi kubwa lilikuja mwaka 1598, wakati mtawala wa Savoia, Charles Emmanuel I, alipofika mwenyewe mjini kwa ibada ya Saa Arobaini, yaani kuabudu Ekaristi kwa saa arobaini mfululizo, akiwa na wakuu wake na askari. Vyeo vilianza kutolewa kwa Wakatoliki, na wakuu wa mji waliokaidi waliamriwa kuondoka.

Fransisko alijua hayo na aliomba msaada wa mtawala. Alikuwa mtu wa karne yake, na katika karne hiyo karibu hakuna mtawala, wa upande wowote, aliyeamini kwamba dini mbili zinaweza kukaa chini ya paa moja. Hata hivyo tangu hotuba yake ya kwanza kama provosti aliwaambia makanoni kwamba kuta za Geneva zitavunjwa kwa upendo. Mwaka 1602, wiki mbili tu baada ya yeye kuwekwa wakfu kuwa askofu, jeshi la mtawala wake lilijaribu kupanda kuta hizo usiku kwa ngazi. Lilishindwa, na Geneva wanaiadhimisha siku hiyo hadi leo. Nafikiria jinsi habari ile ilivyomfikia Annecy: kila alichokijenga kwa maneno kilibomolewa na ngazi za usiku mmoja.

Aliwahi kuzungumza na viongozi wa Kiprotestanti?

Ndiyo. Mwaka 1597, kwa maagizo ya Papa Klementi VIII, aliingia Geneva kumwona Théodore de Bèze, mrithi wa Calvin, mzee aliyekaribia miaka 80. Walizungumza zaidi ya mara moja, kwa heshima. Bèze hakubadili imani yake.

Alikuwaje askofu?

Askofu Claude de Granier alikuwa amemchagua kuwa Askofu Mwandamizi, yaani msaidizi mwenye haki ya kumrithi, na mwaka 1599 Papa mwenyewe alimhoji Roma mbele ya makardinali. Granier alipofariki mwaka 1602, Fransisko akawekwa wakfu tarehe 8 Desemba katika kanisa la kijijini kwao Thorens, palepale alipobatizwa.

Kazi yake ya kila siku haikuwa na fahari. Jimbo lilikuwa na parokia zaidi ya 400, nyingi zikiwa milimani, na alizitembelea kwa farasi, na farasi alipokwama, kwa miguu. Mwaka 1606 alifika hadi Chamonix, chini ya Mont Blanc. Jumapili alifundisha watoto katekisimu yeye mwenyewe. Hilo liliwashangaza makabaila wenzake, maana kwao mtoto wa fundi viatu si mtu wa kukaa naye askofu. Alikaa muda mrefu kwenye kitubio. Barua aliandika kila siku. Zilizobaki tu ni zaidi ya 2,000.

Mwaka 1606 hadi 1607, pamoja na rafiki yake mwanasheria Antoine Favre, alianzisha Annecy chama cha wasomi kilichoitwa Académie Florimontane, miaka karibu 30 kabla ya Akademia ya Ufaransa.

Martin kiziwi ni nani?

Ni kijana aliyezaliwa bila kusikia wala kusema, ambaye askofu alikutana naye mwaka 1605 katika mji wa La Roche. Watu wa wakati ule walidhani mtu wa namna hiyo hawezi kufundishwa imani, na hivyo hakupewa Ekaristi. Fransisko alimchukua nyumbani kwake na kuanza kumfundisha kwa ishara za mikono, akizibuni kadiri walivyoendelea. Martin akapokea Komunyo, akakaa naye kama mtu wa nyumbani. Kwa ajili hiyo viziwi wanamhesabu Fransisko kuwa msimamizi wao.

Laiti ningeambiwa nichague jambo moja tu la kukumbukwa katika maisha yake yote, ningechagua hili. Hakuna mtawala aliyelitaka, hakuna aliyelipigia kelele.

Uhusiano wake na Mama Chantal ulikuwaje?

Jeanne-Françoise Frémyot, mke wa Baroni de Chantal, alifiwa na mume mwaka 1601 kwa ajali ya uwindaji, akabaki na watoto wanne. Alikutana na Fransisko Dijon, Kwaresima ya 1604, alipokuwa akihubiri huko. Aliyekuwa anamwongoza kiroho kabla ya hapo alimfunga kwa viapo na masharti mpaka akakosa pumzi. Fransisko alimfungua. Barua zao zina joto la urafiki ambalo wengine hulishangaa; zisome zote utaona watu wawili wazima wanaosaidiana kwenda kwa Mungu bila kuogopa kusema kwamba wanapendana.

Familia zao pia ziliungana: binti wa Jeanne, Marie-Aimée, aliolewa na Bernard, mdogo wake Fransisko.

Tarehe 6 Juni 1610 wakaanzisha Annecy shirika la Visitasyo, kwa heshima ya Bikira Maria kumtembelea Elizabeti. Lilikuwa kwa ajili ya wanawake ambao monasteri nyingine ziliwakataa: wajane, wenye afya dhaifu, wasioweza kufunga kwa ukali. Na wangetoka kwenda kuwaona wagonjwa majumbani. Kisha nyumba ya Lyon ilipofunguliwa, askofu mkuu wa huko, Denis de Marquemont, akataka watawa wafungiwe ndani kama ilivyoagizwa baada ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa karne ya 16. Fransisko alikubali, na mwaka 1618 shirika likawa la ndani. Mimi naona alikubali upesi mno. Wagonjwa wa Annecy walipoteza watu waliokuwa wakiwabishia hodi. Lakini shirika lilikua: alipofariki lilikuwa na nyumba 13, na Mama Chantal alipofariki mwaka 1641 zilikuwa zaidi ya 80.

Nianze na kitabu chake kipi?

Anza na kile cha kuingia katika maisha ya uchaji, kilichotoka mwaka 1609. Kilitokana na barua alizomwandikia mwanamke wa ukoo wake, Madame de Charmoisy, aliyetaka kusali bila kuacha nyumba na jamii. Hoja yake leo inaonekana ya kawaida, lakini wakati ule ilikuwa mpya kwa wengi: askari, mke, fundi na mtu wa ikulu wanaweza kuwa watakatifu palepale walipo, na uchaji unaoharibu wajibu wako si uchaji. Kile kikubwa juu ya upendo wa Mungu, cha 1616, ni kizito, kiache kwanza.

Alizaliwa mpole?

Hapana. Waliomfahamu walisema damu yake ilichemka haraka, na heshima ya kikabaila ilimfundisha tangu utotoni kwamba dharau hujibiwa kwa upanga. Upole wake ulikuwa kazi ya miaka mingi. Rafiki yake Jean-Pierre Camus, Askofu wa Belley, ambaye ndiye aliyetuachia masimulizi mengi juu yake, alimwona akitukanwa na kunyamaza.

Alipofariki, madaktari walifungua mwili wake ili kuutia dawa, wakakuta kifuko cha nyongo kimejaa vijiwe. Watu wa wakati ule walisema ni hasira aliyoimeza miaka yote. Daktari wa leo atakueleza vingine. Lakini sisi tunaosema mtu "ametumbukia nyongo" na "ametema nyongo" tunawaelewa mara moja.

Kwa nini alikataa Paris?

Mfalme Henri IV alimpenda tangu alipomsikia akihubiri mwaka 1602, akataka kumbakiza Ufaransa. Fransisko aliporudi Paris mwaka 1618 na ujumbe wa Savoia kupanga ndoa ya mwana wa mtawala na Christine, dada wa Mfalme Louis XIII, Kardinali de Retz, Askofu wa Paris, alitaka awe Mwandamizi wake. Inasimuliwa kwamba alijibu kuwa ameshaoa mke maskini, jimbo lake, na hawezi kumwacha kwa ajili ya tajiri. Katika safari hiyo alifahamiana na Visenti wa Paulo, ambaye baadaye alishuhudia wema wake.

Je, aliupendelea ukoo wake?

Mdogo wake Jean-François alikuwa Askofu Mwandamizi wake na ndiye aliyemrithi. Baadaye mpwa wao Charles-Auguste naye akawa askofu palepale. Kwa desturi za siku zile hakuna aliyeshtuka. Sisi tunayo haki ya kuuliza.

Alifariki vipi?

Mwishoni mwa 1622 alikuwa amechoka, lakini mtawala wake alimtaka aandamane naye Avignon kumlaki Mfalme Louis XIII. Wakati wa kurudi, Lyon, mabwana walimpa vyumba vizuri; yeye akachagua kibanda cha mtunza bustani wa monasteri ya Visitasyo. Tarehe 27 Desemba alipata kiharusi. Madaktari wakamchoma kwa chuma cha moto kichwani, kama tiba ya wakati huo ilivyoelekeza. Kesho yake jioni akafariki.

Ni yeye aliyeanzisha Wasalesiani?

Hapana, ingawa jina ni lake. Yohane Bosco alianzisha shirika hilo Turino mwaka 1859, akaliita kwa jina la Fransisko kwa sababu alitaka vijana wa mitaani walelewe kwa upole wake na si kwa kiboko. Ukipita Don Bosco ya Dodoma, Boys' Town ya Karen jijini Nairobi, au shule za Lubumbashi ambako Wasalesiani walifika mwaka 1911, jina la askofu huyu wa Savoia limo ndani ya jina la waliozijenga.

Na usimamizi wa waandishi wa habari ulitoka wapi?

Papa Pius XI aliutangaza mwaka 1923, miaka 300 baada ya kifo chake, kwa sababu ya maandishi yake, yakiwemo yale ya Thonon. Alitangazwa mtakatifu mwaka 1665 na Mwalimu wa Kanisa mwaka 1877.

Sikukuu yake ni lini?

Tarehe 24 Januari. Zamani ilikuwa tarehe 29. Siku hiyo ndiyo Papa hutoa ujumbe wake kwa ajili ya Siku ya Upashanaji Habari Ulimwenguni.

Kaburi lake liko wapi?

Annecy, katika Basilika ya Visitasyo iliyo juu ya mji, na Mama Chantal amelazwa kanisa hilohilo. Moyo wa Fransisko haupo pale. Watawa wa Lyon waliubakiza alipofariki, na Mapinduzi ya Ufaransa yalipowafukuza walikimbia nao hadi Italia. Sasa uko Treviso.